Marehemu asiye na cheti

Huku chuoni bumu limetoka juzi, na mnajua bumu likitoka kampasi inavyobadilika. Foleni kwa mawakala wa pesa, chipsi kuku zinaisha saa moja jioni, na wale waliokuwa wanakula wali maharage kwa mkopo sasa wanatembea kifua mbele. Na mimi nimelipa deni langu kwa mama lishe (alikuwa ameshaanza kuniita "mwalimu" kwa sauti ya kejeli). Ila nikiwa kwenye foleni nilimkumbuka rafiki yangu mmoja wa kule kwetu Mbuba, Ngara, ambaye kwa haki alitakiwa awe mbele yangu kwenye foleni hiyo.

Jamaa huyu tumekua naye na tumesoma naye. Kichwani yuko vizuri, hesabu nilikuwa nanakili kwake, sioni aibu kusema. Baba yake alifariki tukiwa darasa la tano. Msiba ule niliuona kwa macho yangu: tulilala nje, wanawake wakileta ndizi na maharage kutoka kila upande, na kijiji kizima kilikwenda kuzika. Miaka ikapita, jamaa akapata nafasi ya chuo, ualimu kama mimi. Akaenda kuomba mkopo. Fomu ikamuuliza, baba yuko hai au amefariki? Ukijibu amefariki, inataka namba ya cheti cha kifo. Hana! Mzee alifia nyumbani, hakufikishwa hospitali, akazikwa kesho yake. Jamani, siku ile ni nani angewaza habari za karatasi?

Akaanza safari. Barua ya mtendaji wa kijiji, kiapo, mashahidi, halafu bodaboda hadi Ngara mjini. Njoo Jumatatu. Njoo na mtu mzima wa ukoo. Cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa nacho kilikuwa hakijakamilika, na kwetu mambo ya cheti na kitambulisho cha taifa hayaendi haraka, maana tuko mpakani, Burundi huku, Rwanda kule. Utaulizwa babu alizaliwa wapi, na bibi je? Sisi tuliokuwa watoto wakati wa Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 tunakumbuka wazee walivyokuwa wakiogopa maswali ya namna hiyo, hata wale ambao hawajawahi kuvuka Ruvubu. Kwa hiyo mama yake hakuwa na haraka ya kwenda kusimama mbele ya meza ya mtu. Cheti cha kifo kilipotoka, dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa. Chuo hakusubiri, ada ingetoka wapi? Sasa hivi anaendesha bodaboda ya mtu.

Mimi baba yangu yupo. Analima migomba na maharage na kahawa kidogo, sisi si matajiri, lakini ukitupanga mimi na rafiki yangu kwa shida, yeye ananizidi mbali. Mkopo nimepata mimi. Kwa nini? Kwa sababu kidato cha tatu kuna mwalimu alitukalia shingoni kila mmoja alete cheti cha kuzaliwa, na baba akauza mbuzi akaenda kukifuatilia. Basi! Nilikuwa na karatasi.

Ndiyo hoja yangu ya leo. Tunasema mkopo ni wa mtoto wa maskini, lakini umaskini wenyewe unathibitishwa kwa makaratasi, na maskini ndiye mwenye makaratasi machache kuliko wote. Mtoto wa mtumishi wa serikali ana cheti tangu yuko kwenye nepi. Hata ukisoma shule ya kulipia kwa msaada wa mtu, lazima umtafute huyo mfadhili akuandikie barua, vinginevyo utaonekana kwenu mna hela.

Wahadhiri wetu wazee hawakupitia haya. Wao walisomeshwa na serikali, mpaka miaka ya 90 ilipoanza lugha ya kuchangia gharama. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mwaka 2007 wanafunzi pale UDSM waligoma wakidai mkopo wa asilimia 100. Ugomvi wa wakati ule ulikuwa juu ya kiasi. Kwetu vijijini ugomvi uko nyuma zaidi ya hapo, ni kufika mlangoni tu. Na kuna vitu vimerekebishwa, nisiwe mchoyo wa sifa: ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na mwaka 2022 hela ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini vyote hivyo vinamhusu aliyeshaingia.

Najua kuna watakaosema bila vyeti watu watadanganya. Kweli, watadanganya. Kuna watu wanaweza kumfanya baba aliye hai kuwa marehemu kwa sababu ya bumu! Sisemi vyeti vifutwe. Ninachosema ni kwamba kijiji kinajua. Ule mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini uliozinduliwa mwaka 2012 uliwataja walengwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wakiwa wamekaa pale wanasikiliza. Malalamiko yalikuwepo, kupendeleana kulikuwepo, lakini jaribu kusimama mbele ya watu wa Mbuba useme baba yako amekufa wakati jana alikuwa kilabuni! Watakuzomea mpaka kwenu. Bodi tayari inaitambua kaya iliyo TASAF. Basi kwa yatima ambaye mzazi alifia nyumbani, muhtasari wa mkutano wa kijiji upokelewe kwa muda, maombi yaendelee kushughulikiwa huku cheti kikifuatiliwa.

Na shule zisiachie jambo hili kwenye huruma ya mwalimu mmoja. Vyeti vifuatiliwe kidato cha tatu au cha tano, msajili afike shuleni siku mbili, amalize. Sasa hivi mtoto anamaliza kidato cha sita Mei, anakwenda JKT kwa mujibu wa sheria, na dirisha la mkopo linafunguliwa yuko kambini anakimbia mchakamchaka. Huo muda wa kumtafuta mtendaji, hakimu na mdhamini anautoa wapi?

Wengine humu mabwenini huniambia, wewe unalialia nini, mkopo si zawadi, utalipa. Nitalipa. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016, makato yakatoka asilimia 8 hadi 15. Kwa mwalimu mwenye mshahara wa laki saba ni laki moja na elfu tano kila mwezi. Nimeshapiga hesabu hiyo usiku mwingi. Ila rafiki yangu angefurahi sana kudaiwa hivyo, kwa sababu anayedaiwa amesoma.

Nilimpigia jana. Anasema safari hii vyeti vyote anavyo, vya kwake na cha marehemu, mama yake amevifunga kwenye nailoni na kuviweka kwenye sanduku la vitenge. Anachokosa ni mdhamini mwenye kitambulisho. Nimemwambia amwone baba yangu. Dirisha likifunguliwa nitamtumia hela ya steshenari kutoka kwenye bumu, kama bado litakuwepo… Haya wadau, nawahi kipindi cha saikolojia ya elimu, yule mhadhiri anaita majina.