Posa Haisubiri Nyota

Hapa Bagamoyo barua ya posa haijajibiwa, maneno yamekwisha kuzunguka mtaa mzima. Mengi husemwa kwa jina la dini, na dini haiyatambui.

Wanasema posa isipokewe Mfungo Tano, maana Safar ni mwezi wa nuksi. Mtume (S.A.W.) aliikanusha imani hiyo na mwezi akautaja kwa jina, hadithi imo kwa Bukhari na Muslim.

Wanasema lazima nyota ziangaliwe kwanza. Hili ndilo linaloniumiza. Majina ya wawili hao na ya mama zao hupelekwa kwa mganga, herufi zikafanywa hesabu, jibu likatoka: huyu moto, yule maji, hawakai. Kijana mcha Mungu, mvuvi mwenye riziki yake, anarudishwa kwa herufi za jina alilopewa na wazazi wake. Na kwa kuwa kitabu cha mganga kina maandishi ya Kiarabu, wazee huondoka wakidhani wamefanya ibada. Suratul Maida, aya ya 90, imeharamisha kupiga bao pamoja na ulevi na kamari. Fatima bint Qays alipoposwa na wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume kutaka shauri. Hakuangaliziwa nyota. Aliambiwa wazi kwamba mmoja hana mali na mwingine fimbo haimtoki begani, akashauriwa aolewe na Usama. Ndivyo mchumba anavyochunguzwa: waulizeni majirani zake, waulizeni anaoswali nao, waulizeni anaouza nao samaki.

Wengine hujitetea kwamba kuangalia nyota ni istikhara. Istikhara aliyoipokea sahaba Jabir kwa Mtume ni rakaa mbili na dua za mwenye jambo lake. Hamna ndoto humo, wala ada ya mganga.

Wanasema binti akikataa posa ya kwanza ana jini mahaba. Khansa bint Khidam aliozwa na babaye bila ridhaa yake, akashtaki kwa Mtume, na ndoa ikabatilishwa. Hakupelekwa kupungwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.

Kuhusu mkaja wa mama na kilemba cha baba, ni desturi yetu ya zamani, nami naipenda. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa, aliziandika desturi za ndoa zetu katika kitabu kilichotoka 1903. Lakini anayesema akidi haisihi bila kilemba anaizulia sheria. Kinachodaiwa ni mahari, nayo ni mali ya binti.