Orodha ya fundi si hati ya deni

Kila msimu wa alizeti unapokaribia, wanunuzi wa Issuna huanza kuyatazama magari yao kwa wasiwasi. Gari lililobeba magunia msimu uliopita hupelekwa gereji likaangaliwe kidogo, na mwenyewe hurudi na karatasi ya mistari kumi. Jumla yake mara nyingi inakaribia fedha alizotenga kununulia magunia ya kwanza. Hapo ndipo mtaji unapoanza kupotea: wengine hulipia kila kitu, wengine huikunja karatasi na kuondoka hivyo hivyo.

Maoni ya safu hii ni kwamba makundi yote mawili yanakosea kwa sababu moja. Yanaisoma orodha kwa bei badala ya kuisoma kwa hatari.

Hatumlaumu fundi. Yeye huogopa kulaumiwa iwapo ataacha jambo, kwa hiyo huandika yote aliyoyaona. Lakini fundi hupata ujira kwa kila anachofungua, na wapo wenye cha juu chao kwenye duka la spea. Kwa hiyo orodha yake ni kama bei ya dalali mnadani: hatumfukuzi dalali, ila bei yake ya kwanza hatuichukui kuwa ndiyo ya mwisho.

Njia iliyo nyepesi ni kugawa orodha katika makapu matatu: kinachoua, kinachokula na kinachokera.

Kinachoua ni breki, stelingi, boljointi, tairodi na matairi. Hapa hakuna kusubiri mavuno, hata kama gari linakwenda vizuri. Breki pedi iliyobaki chini ya milimita 3 ibadilishwe. Tairi lisomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri linaweza kuwa limezeeka kuliko lile unalolitoa. Shokapu nayo, ikivuja mafuta na gari likawa linarukaruka, ihesabiwe katika kapu hili.

Kinachokula ni kasoro ndogo inayokula kitu kikubwa. Rejeta inayopungua maji kila siku haimalizwi kwa kuongeza maji kila siku. Mwisho wake ni silinda hedi kupinda. Oili inayodondoka nayo ni hivyo hivyo. Hiace na Hilux za dizeli zenye injini ya 3L au 5L zinatumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Mkanda ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni, na bei ya mkanda inageuka kuwa bei ya injini.

Lakini jambo hilo hilo linaonyesha kwa nini mwenye gari sharti alijue gari lake. Probox na Succeed zenye injini ya 1NZ zinatumia cheni, si mkanda wa taimingi. Ukiandikiwa mkanda wa taimingi kwa gari hilo, uliza ni upi. Huenda fundi anakusudia mkanda wa nje wa alteneta, ambao ni kazi ndogo zaidi.

Kinachokera ni kiyoyozi kisichopoza, rangi iliyobabuka, bampa lililopasuka, bushi yenye kelele lakini isiyo na mchezo, na gasketi yenye unyevu wa oili usiodondoka. Hivi havikataliwi, vinaandikiwa tarehe ya baada ya msimu.

Yapo pia mambo ya mazingira yetu. Magari haya mengi yametoka Japani, ambako gari dogo hukaguliwa na serikali kila baada ya miaka miwili likishazeeka, na gharama za ukaguzi huo zinawasukuma wenye magari kuyauza. Barabara za huko ni za lami. Kutoka Issuna hadi Singida ni lami ya kilomita 63, lakini magunia hutoka vijijini, kwenye vumbi. Filta ya hewa inayodumu kwa muda mrefu huko inaweza kuziba hapa kabla ya msimu kwisha.

Dizeli ikitoa moshi mweusi, wengi huandikiwa nozeli. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, na filta iliyoziba huleta moshi huo huo. Ianze filta, kisha nozeli zipimwe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili ya maji au dizeli isiyoungua. Swali la kumwuliza fundi ni fupi: umepima nini?

Tuchukue mfano, wenye tarakimu za kufundishia tu. Orodha ina breki za mbele shilingi 150,000, mkanda wa taimingi 350,000, mipira ya rejeta 100,000, nozeli 600,000, kiyoyozi 400,000 na rangi 300,000. Jumla ni 1,900,000. Breki, mkanda na mipira havingoji: ni 600,000. Nozeli zinasubiri filta na kipimo. Fedha inayobaki mkononi ni 1,300,000, nayo ndiyo inayonunua alizeti. Aliyelipa yote ameingia sokoni bila mtaji. Aliyegoma yote amepakia mzigo kwenye gari lisilo na breki.

Wapo watakaosema gari la biashara litengenezwe lote kwa mara moja. Hoja hiyo ina uzito pale ufundi unapogharimu kuliko spea. Gia boksi ikishashushwa, klachi pleti na beringi yake vibadilishwe pamoja kama vimelika, kwa sababu kuishusha tena ni kulipa ufundi mara mbili. Lakini hoja hiyo haihusu rangi wala kiyoyozi.

Kabla ya kulipa, taka bei ya spea na ya ufundi ziandikwe mbali mbali. Oneshwa ubovu kwa macho kabla kitu hakijafunguliwa, na spea ya zamani upewe mkononi. Kazi yoyote ya kufungua injini ipate kauli ya fundi wa pili asiyejua wa kwanza amesema nini. Nauli ya kwenda Singida kumtafuta ni ndogo kuliko gharama ya ovaholi isiyohitajika.

Na kama kapu la kwanza na la pili peke yake yanazidi kile ambacho gari litaingiza msimu mzima baada ya kutoa mafuta na dereva, basi gari hilo si la kutengenezwa. Liuzwe kwa hali lililonayo, ubovu wake ukitajwa, na mzigo wa msimu huu upakiwe kwenye gari la kukodi.