Usiandike jina, andika namba ya bahasha

Na Mzee Kifimbo

Jumapili iliyopita, baada ya sadaka na kabla ya mnada, wazee wa kanisa walitugawia fomu. Kuku wa shukrani alikuwa amefungwa miguu pale mbele, akipiga kelele kila mwenyekiti wa kamati alipotamka "uwazi". Kuku yule alikuwa na akili kutushinda.

Kanisa letu linajitegemea. Walutheri wanapangiwa na dayosisi, Wakatoliki wanaletewa barua ya askofu na paroko anafunga virago. Sisi mchungaji tunamtafuta wenyewe, na tangu aliyekuwapo aage, tunahubiriwa na kila mwenye suti. Kutuuliza tunataka mtu wa namna gani si dhambi, ila fomu ile ingefaa kuwashia jiko.

Swali la kwanza, umri: asizidi 35. La tatu, uzoefu: usipungue miaka 20. Maana yake tunamtaka aliyeanza kuchunga kondoo wa Bwana akiwa na sare za shule.

La tano ni mke wa mchungaji. Awe mwalimu, mjasiriamali, au anayejua kuimba? Hapo nikafunika kalamu. Mama wa watu hajaomba kazi, mshahara hatapewa, na tayari anapimwa sauti! Mtume Paulo, ambaye hakuwa na mke, angeondolewa hapo hapo. Na hata angepenya, la saba lingemmaliza: mahubiri yawe dakika 20, 30 au 40? Huyu ndiye aliyehubiri Troa mpaka usiku wa manane, Eutiko akasinzia na kuporomoka kutoka orofa ya tatu. Matangazo yetu yanazidi mahubiri yoyote niliyosikia kanisani kwetu, lakini hayo hayakuulizwa. Shemeji yangu wa Mbagala aliweka tiki kwenye 20 haraka haraka, kisha akalala.

Wala si Paulo peke yake ambaye angeanguka. Mwaka 374 watu wa Milan walimpigia kelele Ambrosi awe askofu wao. Alikuwa gavana aliyekuja kutuliza ghasia, hata ubatizo alikuwa hajapata, na leo anahesabiwa miongoni mwa walimu wakubwa wa Kanisa. Kamati yetu ingemrudishia getini kwa kukosa cheti.

Sasa sikieni lililonichefua. Juu ya fomu: "Usiandike jina lako, maoni ni ya siri." Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: "Namba ya bahasha." Kwa msiosali kwetu, kila muumini ana bahasha yake ya ahadi, ina namba, na mhazini anajua kila namba imetoa shilingi ngapi tangu Januari. Siri gani hiyo? Yangu nikaiacha wazi. Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Baba, bila namba haihesabiwi." Nikamuuliza, na wasio na bahasha je, wale vijana wa benchi za nyuma, wale wajane? Akanijibu bila kupepesa jicho, "Hao tutawaombea."

Kamati inataka kujua wenye fedha wanamtaka nani, basi. Ingewapigia simu tu, karatasi zingebaki.

Na fomu nzima haikugusa nyumba ya mchungaji. Bati linavuja. Aliyeondoka aliandika barua, akajibiwa kwamba suala liko kwenye kamati. Masika yaliyopita nilimkuta sebuleni, ndoo mbili na sufuria ya pilau zikikinga maji, vitabu vyake vimepandishwa juu ya kabati, naye ananikaribisha chai kana kwamba hakuna kitu. Wakati huohuo sisi tulikuwa tunachangia kinanda kipya na spika zinazosikika mpaka stendi. Leo tunaulizana kwa nini aliaga ghafla, tena wengine wanasema aliitwa Marekani.

Atakayechaguliwa kwa namba za bahasha nampa ushauri wa bure: aje na ndoo zake.