Tuwafunze wanafunzi kulisikia debe tupu katika taarifa ya habari

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipoonyesha kipindi cha kejeli kilichoitwa The Day Today. Kilianza Januari 19, 1994 katika idhaa yake ya pili ya runinga, kikawa na sehemu sita tu, na kabla ya mwisho wa Februari kilikuwa kimekwisha. Ni vipindi vichache vya umri mfupi kama huo ambavyo vingali vinatajwa na kutazamwa upya. Mimi ni miongoni mwa wanaokirudia kila wapatapo nafasi. Kila nikirudiapo nacheka hadi machozi, kisha nanyamaza na kujiuliza iwapo sisi walimu wa lugha tumewahi kulifunza somo hili kwa uwazi kama huo.

Waasisi wake, Armando Iannucci na Chris Morris, walikuwa wamelinoa wazo hilo redioni kuanzia mwaka wa 1991 katika kipindi cha On the Hour. Walichofanya ni jambo ambalo wengi hawakuwa wamelizoea. Kejeli ya siasa kwa kawaida humcheka mwanasiasa, ikaigiza mwendo wake na kigugumizi chake. Hawa waliicheka taarifa ya habari yenyewe. Walizicheka ngoma na tarumbeta zinazotangulia habari, michoro inayozunguka kwenye kioo kama kimbunga, na zaidi ya yote, ile sauti inayosema kwamba lisemwalo haliulizwi.

Mtangazaji mkuu, aliyeigizwa na Morris mwenyewe, amevaa suti nadhifu, ana macho makali na sauti nzito isiyoyumba. Husoma vichwa vya habari visivyo na maana hata chembe, lakini huvisoma kwa mkazo na kituo kile kile cha mtu anayetangaza msiba wa taifa. Ripota wa biashara humwaga istilahi zisizomo katika kamusi yoyote ya uchumi, na hazikosi kusikika kama za kweli. Ripota mwingine, aliyeigizwa na Patrick Marber, anadai amezungumza na waziri wa Ujerumani kwa Kijerumani. Anapobanwa ayarudie maneno ya waziri katika lugha hiyo, anababaika mbele ya taifa zima. Na barabarani wapita njia wa kweli, wasiojua kwamba wanatahiniwa, wanaulizwa maswali ya upuuzi, nao wanayajibu kwa makini na adabu, kwa kuwa tu aliyeuliza ameshika kipaza sauti.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya vita. Australia na Hong Kong, iliyokuwa ingali chini ya Uingereza, zimetia sahihi mkataba wa biashara. Wawakilishi wa pande mbili wanakuja kuhojiwa wakiwa wamejaa furaha. Mtangazaji anawachokonoa, anamchochea huyu dhidi ya yule, mpaka vita vinatangazwa papo hapo. Hapo uso wake unameremeta kama wa bwana harusi, na studio nzima inajivika mapambo mapya ya vita. Watazamaji wa wakati huo walikuwa hawajasahau jinsi Vita vya Ghuba vya mwaka wa 1991 vilivyoingizwa moja kwa moja sebuleni mwao, kwa hivyo mzaha huo uliwagusa penye kidonda.

Kwa mwanaisimu, hazina ya kipindi hiki ni kwamba kinatenganisha vitu viwili ambavyo masikio yetu yamezoea kuvipokea vikiwa kimoja, yaani umbo la usemi na maudhui yake. Sentensi za Morris hazina kosa la sarufi. Kiimbo ni sahihi, msamiati ni wa kitaalamu, vituo vimewekwa mahali pake. Kilichoondolewa ni maana peke yake. La kushangaza ni kwamba sauti ya mamlaka inabaki palepale, haipungui hata kidogo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kipindi hiki kililiweka debe hilo mezani, kikalivisha tai, kikatuonyesha jinsi tunavyolisikiliza kwa heshima.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1997, Morris aliendeleza uchokozi huo katika Brass Eye kwenye Channel 4. Aliwashawishi watu mashuhuri wasome mbele ya kamera maonyo makali kuhusu dawa mpya ya kulevya iitwayo Cake. Dawa hiyo haikuwapo duniani. Waliambiwa ni dawa ya kutungwa, kwa neno la Kiingereza lenye maana mbili, iliyotengenezwa na ya uongo, nao wakalisoma bila kulishtukia. Mbunge mmoja alifika mbali zaidi, akauliza swali kuihusu katika Bunge la Uingereza. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa heshima waliopewa maandishi yenye sura ya kitaalamu, na sura hiyo ikawatosha.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Waingereza pekee. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 8, 2017, zilisambazwa humu nchini video bandia zilizovishwa sura ya habari za BBC na CNN, zikidai kutoa matokeo ya kura ya maoni. Mashirika yote mawili yalizikana. Waliozitunga hawakuhitaji ushahidi. Walihitaji nembo, rangi, mstari wa maandishi chini ya kioo, na sauti iliyotulia. Kwa maneno mengine, walitumia hila ileile ya Morris, ila wao hawakutaka mtu acheke.

Tuitazame basi lugha yetu. Kiswahili kimejaliwa viambishi vinavyoweza kumficha mtenda kwa ustadi mkubwa. Tunaposikia "inadaiwa", hiyo ni kauli ya kutendwa. Sarufi inaturuhusu kuongeza "na fulani", lakini mara nyingi fulani huyo hatajwi. Tunaposikia "imebainika", hiyo ni kauli ya kutendeka, na hapo sarufi yenyewe haimpi mtenda nafasi. Jambo limebainika, basi, kana kwamba limechomoza lenyewe kama jua. Tuongeze "duru za kuaminika" na "wadadisi wa mambo", na aya nzima yaweza kusimama bila mtu hata mmoja aliyelisema jambo.

Sitaki nieleweke vibaya. Miundo hii ina kazi yake halali. "Inadaiwa" humlinda mshukiwa asihukumiwe kabla ya mahakama kunena, na mwanahabari mwadilifu ana sababu njema ya kulificha jina la aliyempa siri kwa kuhatarisha maisha. Ninachodai ni kwamba msikilizaji aliyefunzwa anapaswa kuuliza: imebainika kwa nani? Inadaiwa na nani? Iwapo jibu lipo, vyema. Iwapo halipo, ajue kwamba pengine ameusikia mvumo wa debe.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba kuwacheka wanahabari ni kuwafunza vijana wasiamini chochote, na kwamba nyakati hizi za uongo mwingi tunahitaji imani zaidi katika vyombo vya habari. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Ni kweli kwamba kijana asiyeamini lolote ni rahisi kupotoshwa sawa na yule anayeamini kila kitu, maana wote wawili hawana kipimo. Lakini kejeli ya The Day Today haikuukejeli ukweli. Ilikejeli vazi linaloweza kuvaliwa na ukweli na uongo kwa pamoja. Anayelijua vazi hilo hamdharau mwanahabari anayehangaika kutafuta ushahidi. Humthamini zaidi, kwa sababu anaweza kumtofautisha na mwigizaji.

Wenzetu wa Australia walilitambua hili mapema. Mwaka uo huo wa 1994, shirika lao la utangazaji, ABC, lilianza kuonyesha Frontline, kejeli ya kipindi cha matukio ya kila siku ambamo Rob Sitch aliigiza mtangazaji mwenye majivuno anayeongozwa na watayarishaji wanaojali idadi ya watazamaji kuliko haki. Baadaye kazi hiyo iliwekwa katika orodha ya matini za kusomwa kwa mtihani wa Kiingereza wa kumaliza sekondari katika jimbo la New South Wales. Wanafunzi walitakiwa kuichambua kama wanavyochambua tamthilia, wakiuliza ukweli hujengwaje na nani.

Nasi tunayo nafasi. Katika mtihani wa KCSE, isimujamii ina sehemu yake katika karatasi ya pili ya Kiswahili, na walimu wamewafunza watahiniwa kutaja sifa za sajili mbalimbali, ikiwemo sajili ya vyombo vya habari. Tatizo ni kwamba sifa hizo hukaririwa kama majina ya mito. Mwanafunzi ataandika kwamba lugha ya habari ni rasmi na yenye mvuto, apate alama yake, kisha jioni aipokee video ya uongo na kuisambaza kwa jamaa zake wote.

Napendekeza zoezi jepesi lisilohitaji fedha. Mwalimu awape wanafunzi taarifa ya habari, wapigie mstari kila kitenzi kisicho na mtenda, kisha wamtafute mtenda huyo. Siku ya pili, kila mmoja atunge habari ya upuuzi mtupu, tuseme mbuzi aliyeteuliwa kuwa kiranja wa mabweni, aisome mbele ya darasa kwa lugha rasmi na sauti ya mtangazaji. Darasa litacheka, na katika kicheko hicho litagundua lenyewe ni nini katika usemi kilicholifanya litake kuamini.

Walimu wenzangu, sajili tusiwafunze vijana ili waitaje tu. Tuwafunze waisikie, waivue vazi lake, na waulize kilichomo ndani. Kijana aliyejifunza kufanya hivyo kwa habari ya mbuzi hatashindwa kufanya hivyo kwa habari ya kura.