Rangi Si Tabia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi sikuielewa sawasawa hadi muhula wa pili mwaka jana, wakati tangi la samaki la Chama cha Sayansi lilipogeuka kaburi. Mpenzi msomaji, naomba nafasi hii nitoe maoni yangu kabla hatujapiga kura ya kununua samaki wengine, manake nasikia wengi wenu mmeshaanza kuchagua kwa macho.

Kwa wale ambao hawakuwepo, tangi letu ni la lita 200 na lina maji ya chumvi. Nia yetu ilikuwa kuonyesha mwamba wa pwani ya Kenya hapa hapa Pumwani, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuiona bahari. Kila mwanachama alitoa shilingi hamsini, wengine wakakosa nauli na kutembea kwa miguu wiki nzima. Tukanunua samaki watano: kikande mmoja, kangaja mmoja wa buluu, vitatange wawili wadogo na kadogo kamoja ka rangi ya machungwa. Aliyetuuzia alisema, "Hao wote ni wa baharini, wataelewana tu."

Ijumaa jioni tukaenda makwetu. Jumatatu asubuhi tulimkuta kikande akiogelea peke yake kama mwenye nyumba. Kangaja alikuwa amelala ubavu, mapezi yamenyofolewa. Wale wadogo tulipata vipande. Kikande naye alikufa wiki iliyofuata kwa sababu ya maji machafu. Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza alilia, na wengine wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliochagua.

Ati wote ni wa baharini! Hiyo ni sawa na kusema kwamba watu wote wa Eastlands wanaweza kulala chumba kimoja. Nyumba nyingi za Majengo zina vyumba kadhaa na ua mmoja. Wapangaji huishi kwa amani kwa kuwa kila mmoja ana mlango wake, na zamu ya kufagia inajulikana. Mama mwenye nyumba mwenye akili hampokei mpangaji kwa kutazama shati lake. Humuuliza ametoka wapi, anafanya kazi gani na kama ni mgomvi.

Baada ya msiba huo nilikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu ambaye zamani alivua samaki huko Shimoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. "Mlimtia kikande na vitoto? Kikande hutafuna hata fuma la baharini na miiba yake. Na kesho mtatia mkunga! Mkunga hana rafiki, mjukuu wangu, ana chakula tu."

Kutokana na maneno ya Babu, na vitabu alivyonipa mwalimu wetu wa Biolojia, nimeona kwamba kuna maswali matatu ya kumuuliza kila samaki kabla ya kumlipia.

Swali la kwanza: unakula nini? Chewa, mkunga na yule samaki-simba mwenye miiba ya sumu ni wa pwani yetu kweli, lakini wote humeza samaki wadogo. Rangi yao isikudanganye.

Swali la pili: unahitaji nafasi gani? Kangaja wa buluu anapendeza kweli, lakini huogelea mchana kutwa, hupigania eneo lake, na karibu na mkia ana kisu kikali. Lita 200 kwake ni kama seli. Kitatange naye akikua hamtaki kitatange mwenzake, tena hudonoadonoa matumbawe.

Swali la tatu: kwenu ni wapi? Hapa najua nitagombana na wenzangu wanaomtaka Nemo. Sinema hiyo ya mwaka 2003 ni ya bahari ya Australia, na samaki wa aina ya Nemo hapatikani pwani ya Kenya. Sisi tuna jamaa zake. Mmoja ana mwili wa kahawia iliyokolea na mistari miwili meupe, mwingine ni wa rangi ya machungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni. Kwani wetu wana kasoro gani? Tukichanganya samaki wa kila bahari, tangi litakuwa duka la urembo, halitamfundisha mtu chochote kuhusu Kenya.

Tena kuwaweka pamoja viumbe wasiozoeana si mchezo. Nendeni Gikomba mkamtazame mbuta. Samaki huyo alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na aina nyingi sana za fulu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, zikapungua au zikatoweka. Ni kweli mbuta ameleta pesa, na uchafu wa ziwa pia ulichangia. Lakini fulu hawakuulizwa. Ikiwa ziwa zima lilishindwa, sembuse tangi letu la kioo?

Wengine watasema tuache maji ya chumvi tufuge samaki wa maji baridi, ni rahisi. Sikatai kwamba ni rahisi. Lakini chumvi yenyewe tayari tunayo, na hita pia, ya kutusaidia katika baridi ya Julai. Tulichokosa ni subira. Maji yakishatengenezwa, gramu 35 hivi za chumvi ya bahari kwa kila lita, yanafaa kukaa wiki nne hadi sita ili bakteria wa kuondoa sumu ya amonia wazaliane. Sisi tulingoja siku mbili.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Tuanze na mawe na mchanga, bila matumbawe hai. Kwanza tumtie yule samaki mdogo wa mchangani pamoja na kamba wake. Kamba huyo haoni vizuri, kazi yake ni kuchimba shimo. Samaki hukaa mlangoni akilinda, na kamba humgusa kwa papasi zake ili ajue kama kuna hatari. Wapangaji wa namna hiyo ndio ninaowataka! Mwisho tulete wale jamaa za Nemo wawili, wa aina moja, wakiwa wachanga. Mkubwa wao atakuwa jike, na jike akifa, dume hugeuka kuwa jike. Wapole waingie kwanza, wenye ukali kidogo waje baadaye, wasije wakajifanya wenyeji. Basi, wanatosha. Shule yetu ni ya kutwa, wikendi hakuna wa kuamua ugomvi.

Tena tumuulize muuzaji kama ana leseni na samaki wametolewa wapi. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua. Matumbawe yetu yaliumia sana kwa joto la mwaka 1998, na kila samaki tunayemuua kwa uzembe, mwingine hutolewa mwambani kujaza pengo lake.

Wenzangu, siku ya kura msinyooshe mkono kwa sababu ya rangi. Wale watano walikuwa na rangi zote, na tuliwazika nyuma ya maabara.