Mwili Wetu: Mishipa ya Fahamu ya Mkono

Ni nani kati yetu asiyepata kujigonga kisukusuku mlangoni, akasikia kama moto ukishuka hata kidole cha mwisho? Kilichogongwa hapo si mfupa, bali ni mshipa wa fahamu, upitao nyuma ya mfupa ule, chini ya ngozi tu.

Mishipa ya mkono yatoka shingoni na juu ya kifua kwa mizizi mitano, nayo husukana kama miyaa ya mkeka hata kwapani, kisha hugawanyika. Mmoja hupita katikati, ukahudumia gumba, vidole viwili vifuatavyo, na nusu ya cha pete. Ule wa kisukusuku huchukua nusu iliyobaki na kidole cha mwisho, nao huamuru misuli mingi midogo ya kiganja. Ndivyo vitabu vichoravyo.

Lakini watu hawakuumbwa wote sawasawa. Mwaka 1763 Roland Martin wa Sweden aliandika habari za mshipa mdogo utokao katika ule wa kati, ukavuka chini ya kisukusuku na kuungana na ule wa pili. Wenzel Gruber akaueleza tena mwaka 1870, na leo waitwa kwa majina yao wawili. Huonekana kwa watu kama 15 hata 20 katika kila 100. Si ugonjwa, mwenye nao aweza kuzeeka asijue.

Basi, una hatari gani? Tuseme mtu amekatwa na panga kisukusukuni, mshipa ukakatika. Akitanua vidole, vyatanuka, kwa kuwa amri zapita njia ile nyingine. Nyumbani wasema, "Mkono ni mzima," jeraha likafungwa kitambaa. Lakini mshipa ule mdogo kwa kawaida huchukua amri za misuli, wala si fahamu za ngozi. Kidole cha mwisho kimekufa ganzi; kesho kitagusa sufuria ya moto, kiungue bila mwenyewe kusikia.

Kwa hiyo, msitazame mwendo wa vidole tu. Mwambieni aliyeumia afumbe macho, mmguse ncha ya kila kidole kwa pamba, na cha pete pande zote mbili. Asiposikia, mpelekeni hospitali siku ile ile, mkamweleze daktari. Mshipa ulioshonwa huota polepole, kama milimeta 1 kwa siku. Toka kisukusuku hata ncha ya kidole ni mwaka mzima au zaidi. Basi msingoje.