Asiyevuka Darajani hajaiona Unguja

Kila msimu wa wageni ukiingia, kauli ile ile husikika mjini Unguja, na huitoa hata wenyeji waliozaliwa pale pale: historia yote imo Mji Mkongwe, ukivuka Darajani huna cha kuona. Mgeni akiuliza majengo marefu yanayoonekana kule Michenzani ni ya nini, huambiwa ni makazi ya watu tu, kisha hurudishwa kwenye milango ya nakshi. Kauli hii ni ya uongo. Haikutungwa na watalii wala na wenye hoteli. Ni urithi wa ukoloni, nasi tunaulinda bila hata kulipwa.

Tuanze na jina la upande huo wa pili, Ng'ambo. Ni ng'ambo ya maji: palikuwa na hori lililoingia kutoka baharini likautenga mji, na daraja lililolivuka ndilo lililoipa Darajani jina lake. Ng'ambo ya hori waliishi wavuvi, mafundi, wachukuzi wa bandarini na watumwa walioachwa huru. Hata hivyo mpaka haukuwa mkali kama tunavyosimuliwa. Ng'ambo palikuwa na nyumba za mawe, na ndani ya Mji Mkongwe palikuwa na vibanda vya makuti. Waliotaka mpaka uwe mkali ni Waingereza, walioifanya Zanzibar himaya yao mwaka 1890. Mpango wa mji uliochorwa na H. V. Lanchester mwaka 1923 uliziona pande hizo mbili kama miji miwili ya watu wa aina mbili, mmoja wa kuhifadhiwa na mwingine wa kudhibitiwa. Katika karne ya 20 hori likafukiwa, barabara ikapita juu yake, na maji hayapo tena. Mpaka umebaki katika njia ya mtembeza wageni, ambaye bila kujua anamtimizia Lanchester kazi yake miaka mia moja baadaye.

Mgeni anayeishia upande mmoja ataona nani alimiliki nini: kasri, ngome, Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash iliyojengwa mwaka 1883 na kuporomoka kwa sehemu Desemba 2020. Hataona ni nani aliyekataa. Ng'ambo ndiko wapangaji walikogoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928, ardhi waliyojengea vibanda vyao wenyewe. Ng'ambo ndiko wachukuzi walikotoka asubuhi kwenda bandarini, wale waliogoma mwaka 1948 wakausimamisha mji. Ng'ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Basi nani atasema huko hakuna cha kuona?

Halafu yaja Mapinduzi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ukakabidhiwa tarehe 10 Desemba, na serikali iliyoupokea ikadumu mwezi mmoja na siku mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 kambi ya polisi ya Ziwani ilivamiwa na ghala la silaha la Mtoni likatekwa, kisha Raha Leo, penye kituo cha redio, pakawa makao ya mapinduzi. Hapo ndipo sauti ya John Okello, mtu wa Uganda aliyeongoza uvamizi ule, iliposikika kisiwa kizima. Kituo cha Malindi, kilichoko Mji Mkongwe, ndicho kilichokawia kuanguka. Afisi kuu ya Afro-Shirazi ilikuwa Kisiwandui, na hapo hapo Abeid Karume, rais aliyetokana na Mapinduzi hayo, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na hapo ndipo alipozikwa. Orodhesha mahali hapo pote, uone ni pangapi mgeni anapelekwa.

Badala yake anapelekwa Shangani kuona jumba la kumbukumbu la mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Sina ugomvi na muziki wake. Lakini familia yake iliondoka kisiwani mwaka 1964, na anayesimulia habari hiyo bila kueleza kwa nini iliondoka amesimulia nusu. Ugonjwa ndio huo huo kwa vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896. Wageni wanachekeshwa kwamba ni vita vifupi kuliko vyote duniani, vya dakika 38 hivi, na wanapiga picha. Dakika hizo ziliua na kujeruhi watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar, na upande wa Waingereza akajeruhiwa baharia mmoja. Hilo si jambo la kuchekesha wageni.

Wanaotetea njia ya zamani wanasema mgeni anapenda milango, na majumba ya Michenzani ni zege lisilopendeza. Hoja hii ni dhaifu mno. Nani alisema historia lazima ipendeze? Majumba yale marefu, yaliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki na kujengwa kwa amri ya Karume, ndiyo jibu la dola ya mapinduzi kwa mpango wa 1923. Dola hiyo ilitaka kuwahamisha watu wa vibandani kwenye nyumba zenye maji na umeme, na ili kufanya hivyo ikabomoa vibanda vyao. Fahari na maumivu vimo katika ukuta mmoja. Mlango wa nakshi pekee hauwezi kufundisha hayo.

Wengine husema Mapinduzi yalimwaga damu, na kuyaeleza mbele ya wageni ni kutonesha vidonda. Kweli, damu ilimwagika. Waliuawa maelfu, wengi wao Waarabu, na maelfu wengine wakakimbia, na nyumba zao za Mji Mkongwe zikataifishwa na kugawiwa wapangaji wapya. Kwa hiyo hata ndani ya vichochoro vile vile mnamowatembeza wageni, Mapinduzi yamo katika kila chumba. Kunyamaza hakujaponya mtu. Kumewaachia papasi, wale wanaowanasa wageni mitaani, wayasimulie watakavyo, huku mjukuu wa aliyeuawa na mjukuu wa aliyeshika panga wakisikia kila mmoja hadithi yake.

Kamisheni ya Utalii na vyama vya waongoza wageni wana uwezo wa kulirekebisha hili bila kujenga hata ukuta mmoja. Waiandike upya njia: ianze Forodhani, ivuke Darajani, ipite Kisiwandui na Michenzani, iishie Raha Leo. Ni mwendo wa miguu.